Jibu la Tatu la Bi Insaf

Kwa miaka ishirini na sita Bi Insaf Abdulmawla aliwauliza watu maswali kwa mshahara, na sijawahi kumwona akiandika jibu la kwanza la mtu kwa wino.

La kwanza aliliandika kwa penseli, mkono mwepesi, kama anayejua kuwa atakuja kulifuta. Kisha analifunika dodoso kwa kiganja, anaulizia hali ya wazazi, analalamikia bei ya bamia, anakohoa kidogo, halafu anarudi palepale: "Tulikuwa tumefika wapi vile?" Jibu la pili nalo penseli. Ni la tatu tu lililotolewa kalamu ya wino kutoka kwenye mkoba.

Mwaka ninaousimulia, moyo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kumsaliti, na binti yake wa pekee, Nihal, alikuwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka wa kumi na moja. Bi Insaf alitaka jambo moja tu: Nihal awe kando ya kitanda siku atakayopasuliwa. Angeweza kumwambia. Simu alikuwa nayo, ulimi alikuwa nao, na kwa ulimi sijaona wa kumshinda mtaa mzima wa Muharram Bey. Lakini hilo hakuweza kulisema.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani, na lifti yake ilikufa zamani, Mungu aiweke pema. Siku yangu ya kwanza nilifika juu nikihema kama mbwa wa Agosti, nikamkuta mama mnene wa makamo, mtandio wa kijivu, anachonga penseli kwa wembe.

"Wewe ndiye mpya? Una nini?"

"Nina nusu diploma ya takwimu, Bi."

"Nusu ya juu au nusu ya chini?"

Akanisukumia kiti kwa mguu.

"Nikuulize. Hapa Iskandaria ukimkaribisha mtu chai, atasemaje?"

"Atasema hapana, asante."

"Ukimkaribisha tena?"

"Wallahi nimetoka kunywa sasa hivi."

"Na mara ya tatu?"

"Ataomba sukari vijiko vinne."

"Basi umehitimu. La kwanza ni adabu, la pili ni aibu, la tatu ndiyo mtu mwenyewe. Twende kazini, Nusu."

Jina likanigandia. Hata mpiga chapa aliyetutengenezea vitambulisho aliuliza kama aandike Hazim au Nusu.

Kazi yenyewe ni hii. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilitutumia maswali yaleyale kiliyoyapeleka katika nchi nyingine chungu nzima, viwandani, mabenki, mahospitali. Watu wajibu kwa namba, moja mpaka tano. Majibu yakikusanywa, kila nchi inapata alama zake na kila kampuni zake: hawa wanamwogopa mkubwa kiasi gani, hawa mtu anajihesabu peke yake au na ukoo wake, hawa wanatishwa kiasi gani na jambo wasilolijua. Kisha nchi zinapangwa kwenye jedwali kama timu za ligi. Umbali kati ya mkubwa na mdogo una jina lake, unaitwa umbali wa madaraka. Sisi tulikuwa juu huko. Waholanzi walikuwa chini, karibu wateremke daraja.

Nilimwona Bi Insaf akifanya kazi kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha biskuti huko Karmuz. Mbele yetu alikaa Rajab, mfunga paketi, jamaa wa masharubu, unga wa biskuti umemtia mvi kabla ya wakati. Mkubwa wake, Haji Zakariya, alisimama mlangoni na sinia la chai, mwenyewe, kwa mikono yake mitukufu.

"Swali la kumi na moja," akasema Bi Insaf. "Mara ngapi wafanyakazi wa hapa huogopa kumwambia mkubwa kwamba hawakubaliani naye? Moja ni kamwe. Tano ni kila mara."

"Kuogopa?" Rajab akacheka mpaka nyuma ya koo. "Haji ni baba yetu! Weka moja. Hamna sifuri?"

Penseli: moja. Haji akatabasamu, akaweka chai, akaondoka kama aliyepiga bao.

Bi Insaf akanywa chai yake taratibu. Akauliza mke wa Rajab anatoka wapi. Anatoka Damanhuri. Akasema Damanhuri wanawake wanajua kupika bata. Rajab akalegea, akasema kweli bata anapikwa, shida ni kumpata bata. Wakacheka. Kisha: "Tulikuwa tumefika wapi vile? La kumi na moja."

"Labda mbili, Mama. Wapo wanaoogopa. Si mimi."

Adhana ya adhuhuri ikalia, Haji akaenda kuswali na nusu ya kiwanda nyuma yake. Bi Insaf akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, bila hata kuangalia karatasi.

Rajab akaangalia viganja vyake. "Mama, ile mashine ya kubana paketi ilimkata Sabir vidole viwili. Asubuhi yake sisi wote tulijua imelegea. Watu kumi na wanne tulijua."

"Kwa nini hamkusema?"

"Haji alikuwa na furaha siku ile, binti yake amechumbiwa. Nani angemharibia?"

Kalamu ya wino ikatoka. Tano.

Tukishuka ngazi za kiwanda nikamwambia, "Bi Insaf, hii si takwimu, hii ni kung'oa meno."

"Meno yanayouma husubiri mng'oaji," akasema. "Funga zipu ya suruali, Nusu, umetembea hivyo tangu asubuhi."

Aliyemkomesha ni Daktari Bahgat, mwenye ofisi. Daktari wa karatasi, si wa sindano. Mtu mwema, lakini akimwona mtu mzima anaona safu moja ya jedwali. Barua ilitoka Ulaya: majibu yenu yanachukua muda mrefu kuliko ya nchi nyingine zote, kuna nini?

"Kuna wewe, Bi Insaf," akasema Daktari. "Mholanzi anaulizwa mara moja. Sisi mara tatu. Tutalinganishaje? Ni kama kumpima urefu mmoja na viatu, mwingine bila viatu!"

"Ndiyo maana nawavua, Daktari. Mholanzi anakuja pekupeku. Hawa wa kwetu ukiwapima jibu la kwanza, umepima kisigino."

"Kisigino au unyayo, utauliza mara moja."

"Basi waandike kwenye jedwali lao kwamba Misri hakuna anayemwogopa mtu. Watu wacheke."

Hawakucheka. Walileta vishikwambi. Ukigusa namba, swali linapotea na linakuja lingine, hakuna kurudi nyuma. Bi Insaf alikigusa chake kwa ncha ya kidole kama anayejaribu pasi ya moto. Penseli zake akazifunga kwa mpira, akaziweka droo ya chini, na kuanzia siku hiyo akawa mtumishi mtiifu asiye na thamani, kama sisi wengine.

Sasa Nihal. Alipiga simu kila Alhamisi saa saba mchana, muda wake wa chakula huko kazini. Bi Insaf sikio moja lilikuwa zito, kwa hiyo aliiweka simu mezani na sauti nje. Ofisi nzima tulimjua Nihal kuliko tulivyowajua dada zetu.

"Mama, nina dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Wenzio wanapata tano," Bi Insaf angesema, na kutukonyeza. Lakini niliona macho yake yakienda kwenye saa ya ukutani na kubaki hapo.

Alikuwa binti mzuri, nisije nikamdhulumu. Hakukosa Alhamisi hata moja. Alituma dawa, alituma picha za watoto wawili wekundu kama nyanya. Ila alikuwa amejifunza kusema kama kule wanavyosema: swali lake swali, jibu lake jibu, na ukimwambia jambo analichukua, anaondoka nalo. Akimwuliza mama yake kama amekula na mama akisema amekula, basi kwa Nihal chakula kimeliwa. Hapa kwetu hata muuza maharage angeuliza tena.

Mwezi wa kumi na moja madaktari wakasema vali ya moyo imechoka, ni kupasua. Wakapanga Jumanne, wiki tatu mbele. Alhamisi iliyofuata simu ikalia, na Bi Insaf akalitaja jambo katikati ya habari za jirani aliyenunua friji.

"Operesheni gani, Mama?"

"Ndogo tu. Kama kuzibua bomba."

"Ya moyo si ndogo. Nije?"

Sote tulisimamisha kazi. Hata Daktari Bahgat, chumba cha pili, kiti chake kiliacha kulia.

"Hapana, mwanangu, usijisumbue. Una kazi, una watoto. Baridi hii nani atawapeleka shule?"

"Sawa, Mama. Basi tutakuja Aprili kama tulivyopanga, tutakaa wiki mbili nzima."

"Hiyo ndiyo safi."

Simu ikakatika. Bi Insaf hakuondoa mkono juu yake. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio zima, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Hajauliza tena," akasema.

"Mpigie umwambie unamtaka," nikasema. "Nitakutafutia namba, nitashika na simu."

"Nimwambieje? Mtu anajikaribisha mwenyewe?"

"Ni mwanao!"

"Ndiyo. Nimezaa Mholanzi." Akacheka. Sisi hatukucheka, basi akatutukana mmoja mmoja mpaka tukacheka.

Alhamisi ya pili Nihal aliuliza tena. Nataka lijulikane hilo, aliuliza. "Mama, nimefikiria. Kuna ndege Jumamosi. Nije?" Na Bi Insaf, mwanamke aliyezibua vinywa vya mabawabu na mameneja, akasema haina haja, Umm Wajih jirani atakuwepo, na Nusu yupo, ingawa ni nusu. "Sawa, Mama. Nakuamini." Nikamwona Bi Insaf akichukua penseli kutoka droo ya chini, akaandika kitu, akafunga droo.

Alikaribia kuwa na furaha siku ile. Alinunua keki za basbusa kwa ofisi nzima. Alhamisi ya tatu ilikuwa siku tano kabla ya Jumanne ya kupasuliwa, na alikuja amevaa mtandio mpya, wa rangi ya maji ya bahari, akakaa mbele ya simu tangu saa sita na nusu.

Saa saba ikafika. Simu ikalia.

"Mama, nina dakika sita tu, leo kuna kikao. Umejiandaa? Umepanga vitu vyako?"

"Nimepanga."

"Umefanya vipimo vyote?"

"Vyote."

"Vizuri. Nitapiga Jumanne jioni ukiamka. Nakupenda, Mama. Usiogope."

"Niogope nini mimi?"

Ikakatika. Nilihesabu, haikufika dakika nne.

Nilijaribu. Palepale nikasema, "Bi Insaf, nimpigie mimi?" Akasema, "Usithubutu." Nikajiambia, hiyo ni adabu. Jumapili nikamsindikiza maabara kuchukua majibu, nikauliza tena. Akasema, "Nusu, ataacha kazi aje anitazame nikikoroma? Niepushe na fedheha hiyo." Nikajiambia, hiyo ni aibu. Jumatatu alasiri nilimbebea begi mpaka wodini, Umm Wajih mbele na sufuria ya supu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuila. Mlangoni nikamshika mkono.

"Bi Insaf. Mara ya mwisho. Nimpigie Nihal?"

Alinitazama sana. Hakuapa, hakutania, hakutaja watoto wala baridi.

"Hapana," akasema.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Mwalimu wangu ndiye aliyenifundisha kwamba ya tatu ndiyo mtu mwenyewe. Nikaiandika kwa wino, nikaenda nyumbani.

Alipasuliwa Jumanne. Aliamka, akamwuliza muuguzi kama ameolewa, akamwambia asiwe na haraka. Nihal alipopiga jioni, mama alikuwa amelala, barakoa ya oksijeni usoni, na Umm Wajih ndiye aliyepokea, akasema yu salama, na kweli alikuwa salama. Jumatano kabla ya alfajiri moyo ukasimama. Kwetu maiti hangoji; adhuhuri ile ile tulimswalia na alasiri tukamzika karibu na mumewe. Mimi ndiye niliyempigia Nihal. Namba ile niliyokatazwa mara tatu niliibonyeza kwa kidole hikihiki.

Alhamisi asubuhi Daktari Bahgat alinituma nitoe vitu vyake mezani ili vipelekwe kwa jamaa. Akasimama mlangoni akinitazama, mikono nyuma. Droo ya chini: penseli zile zimefungwa kwa mpira, kipande cha wembe, na dodoso moja la zamani la karatasi limegeuzwa nyuma. Juu ameandika *Nihal*. Chini yake amechora safu tatu kwa rula, kama alivyotuzoesha.

Safu ya kwanza, penseli: *Nije? Hapana.* Safu ya pili, penseli: *Nije? Hapana.*

Safu ya tatu haikuwa na swali. Nafasi ya swali ilikuwa nyeupe. Lakini jibu lilikuwa tayari limeandikwa, kwa wino, kwa mwandiko wake wa kukoleza: *Njoo mwanangu. Naogopa.*

Nikaelewa pia ile hapana ya tatu niliyopewa mimi ilikuwa ya nini. Sikuwa mimi wa kuuliza. Lilikuwa swali la mtu mwingine, nami nilikuwa naligusagusa.

Nilimpa Daktari Bahgat. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, jambo ambalo haliwezekani kwa macho yale. Akanirudishia. Akaingia chumbani kwake, na kiti hakikulia.

Nihal alifika Alhamisi hiyo hiyo, mchana, wakati wa dakika zake kumi na mbili. Mimi nilikwenda nyumbani kwa mama yake Ijumaa, siku ya tatu ya matanga. Chumba kilijaa wanawake waliovaa nguo nyeusi, kahawa isiyo na sukari inazunguka. Nilimjua kwa pua ya mama yake. Amevaa suruali nyeusi, nywele fupi, macho makavu yaliyovimba.

Umm Wajih alikuwa amemkalia na sahani ya wali. "Kula, binti yangu."

"Asante, sitaki."

"Kijiko kimoja tu. Kwa roho ya mama yako."

"Sitaki, Shangazi."

"Hata kimoja?"

"Nimesema sitaki." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga mlango ili baridi isiingie. Lakini wanawake waligeuka kumtazama, na Umm Wajih aliinua sahani yake taratibu kama aliyepigwa.

Nihal akainuka, akanijia kwenye roshani nilikosimama. Alijua mimi ni nani. Alinisikia nyuma ya sauti ya mama yake miaka mitatu.

"Wewe ndiye Nusu."

"Ndiye."

"Wananitazama kama nimemuua." Akashika ukingo wa roshani. "Nilimuuliza. Mara mbili nilimuuliza. Ningerudia tena ingekuwa kama simwamini, kama namfanya mtoto mdogo. Kwetu ukimuuliza mtu mzima akakujibu, unaheshimu jibu lake."

Alisema kwetu, akionesha kwa kidevu upande wa bahari, kaskazini.

"Ulimuuliza," nikasema. "Tulisikia wote."

"Ulikuwa naye kila siku. Niambie ukweli. Alitaka nije?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, inanichoma kama kaa. Nikamwangalia ile pua.

"Hapana," nikasema.

Akanikazia macho. Chini barabarani muuza gesi aligonga mtungi wake kwa spana, akapita, akagonga tena mbali.

"Kweli? Hakutaka nije?"

"Hapana. Alisema Aprili."

Nilitia mkono mfukoni. Niliishika karatasi kwa vidole viwili na nikangoja. Angeuliza tena tu ningempa. Ilikuwa yake, si yangu, na nilikuwa nimekwisha jifunza siku ya kwanza kazini jinsi mtu wa kwetu anavyoulizwa. Nilingoja mpaka muuza gesi akakata kona.

"Sawa," akasema Nihal. "Asante kwa kuniambia."

Akanipa mkono, akarudi ndani kwa wageni wa mama yake.